Je, wajua kwa nini propela ya ndege huonekana imesimama pichani?

Ndege ya zamani inapita chini juu ya uwanja. Injini inanguruma, propela inazunguka hadi jicho halioni tena mapanga yake, linaona duara hafifu linalong'aa. Unapiga picha. Ukiifungua, propela imesimama tuli, mapanga mawili yamenyooka kama vile injini imezimika angani. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu ndege akiitazama atahisi kuna jambo haliko sawa. Kinachosababisha hayo ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hujifungua kupokea mwanga, kwa mfano 1/1000 ya sekunde, na hapa Pwani tatizo huzidi kwa sababu ya jua letu.

Hesabu ya kujua propela itatokaje ni fupi. Chukua mizunguko ya propela kwa dakika, zidisha kwa 6, kisha gawanya kwa namba iliyo chini ya mstari katika kasi ya shata (kwa 1/1000 ni 1000). Jibu ni nyuzi (digrii; mzunguko mzima ni 360) ambazo kila panga litakuwa limefagia wakati shata iko wazi.

Tuchukue Tiger Moth, ndege ya kufundishia yenye mabawa ya ghorofa mbili na viti viwili, iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1931. Injini yake ya Gipsy Major ina nguvu za farasi 130, na ikiwa safarini huzunguka takriban mara 2,000 kwa dakika. Mara 6 ni 12,000. Ukipiga kwa 1/1000, kila panga litasogea nyuzi 12 tu, yaani propela itaonekana imegandishwa. Kwa 1/500 ni nyuzi 24, kwa 1/250 ni 48, kwa 1/125 ni 96, na kwa 1/60 ni 200. Propela ya mapanga mawili hufunika duara zima pale kila panga linapofagia nyuzi 180, kwa hiyo duara kamili huanzia karibu na 1/60. Lakini si lazima kufika huko. Kwa 1/125 zaidi ya nusu ya duara imeshafunikwa, na mtazamaji anaona ndege iliyo hai. Hiyo ndiyo shata ya kulenga.

Usidhani ndege kubwa ina propela ya kasi zaidi. DC-3, ile ya injini mbili iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935, ina gia kati ya injini na propela: injini ikizunguka mara 16, propela huzunguka mara 9. Injini ikienda 2,050 kwa dakika, propela inakwenda kama 1,150 tu. Kwa 1/125 kila panga linafagia nyuzi 55. Kwa kuwa mapanga ni matatu na kila moja lina nyuzi 120 za kujaza, picha inatoka karibu sawa na ya Tiger Moth. Ila kwa 1/1000 DC-3 huganda vibaya zaidi, nyuzi 7 tu. Helikopta ni ngumu kuliko zote: mapanga makubwa ya juu ya zile ndogo huzunguka takriban mara 400 hadi 500 kwa dakika, na hapo 1/60 yenyewe hutoa ukungu wa nyuzi 40 hadi 50 tu.

Jua la Mombasa linaingiaje? Asubuhi ya saa nne, mbingu ikiwa wazi, picha sahihi kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na tundu la lenzi la f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) inataka shata ya takriban 1/125. Kamera ikiachiwa ijiamulie, hufungua tundu hadi f/5.6 au f/4, na ili mwanga usizidi hupandisha shata hadi 1/1000 au 1/2000. Haina habari kwamba mbele yake kuna propela. Kwa hiyo weka kamera kwenye S au Tv, yaani wewe unachagua shata na yenyewe inachagua tundu. Tatizo la f/16 ni kwamba kila punje ya vumbi iliyo kwenye kihisi, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, huonekana kama doa jeusi angani, na ukali wa picha hupungua kidogo. Bora uvae kichujio cha ND4, kinachopitisha robo ya mwanga: unabaki na 1/125 kwa f/8, na f/8 ndipo lenzi nyingi hufanya kazi vizuri. Kichujio cha polaraizi nacho hupunguza mwanga na huondoa mng'ao kwenye rangi ya bodi, lakini kiangalie kwenye vioo vya rubani. Vioo hivyo ni vya plastiki, na mara nyingi hutoa mistari ya rangi za upinde wa mvua ukivipiga kupitia polaraizi.

Simu ina shida mbili. Tundu lake haliwezi kubanwa; nyingi zimekwama kwenye f/1.8 au karibu na hapo, basi katika jua kali hukimbilia shata ya 1/5000 au zaidi. Ncha ya propela yenye kipenyo cha mita 2 hukata zaidi ya mita 200 kwa sekunde, ila ndani ya 1/5000 inasogea sentimita 4 tu. Shida ya pili ni ile inayowashangaza watu zaidi: mapanga yaliyopinda kama mundu, au yanayoelea hewani bila kushikana na kitovu. Kihisi cha simu hakisomi picha yote kwa mkupuo. Husoma mstari baada ya mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kazi hiyo huchukua sehemu ya sekunde ambayo propela huitumia kuzunguka robo, nusu, hata zaidi. Mstari wa kwanza unaliona panga likiwa juu, wa katikati unaliona limeshateremka, wa mwisho unalikuta kwingine kabisa. Simu inaziunga nyakati hizo zote kuwa picha moja. Kamera zisizo na kioo hufanya hivyo hivyo ukiziweka kwenye shata ya kielektroniki, ile ya kimya; irudishe kwenye shata ya kawaida. Kwenye simu, tumia hali ya Pro, weka ISO 50 na 1/125, na ubane mbele ya lenzi kichujio cha ND32, kinachopitisha sehemu moja tu ya 32 ya mwanga. Ukungu wa propela huficha kupinda kwenyewe.

Ukizitazama picha za miaka ya 1930, nyingi zina propela ya duara safi, maana filamu za siku hizo zilihitaji mwanga mwingi na shata ililazimika kwenda polepole. Ni enzi ambazo Mombasa ilizijua ndege hizi zikiwa kazini. Shirika la ndege la Wilson Airways lilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, na kuanzia 1937 ndege za majini za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilizokuwa zikitoka Southampton kwenda Durban zilitua kwetu baada ya Kisumu.

Sasa, shata ya polepole inaleta kazi mpya. Tiger Moth ikienda kilomita 125 kwa saa inasogea sentimita 28 ndani ya 1/125. Ukishika kamera bila kuisogeza, propela itapendeza lakini ndege nzima itakuwa ukungu. Lazima uifuatishe. Panga nyayo zako zielekee pale ndege itakapokuwa karibu nawe zaidi, kisha pinda kiuno kuelekea inakotoka. Viwiko vibane mbavuni. Ishike ndege ndani ya fremu ikiwa bado mbali, fokasi ikiwa ya kuendelea, zungusha kiwiliwili kwa mwendo wake, bonyeza mfululizo wa picha nne au tano inapokaribia, na usisimame baada ya kubonyeza. Wengi huharibu hapo: kidole kikishuka, mwili nao unakatika. Kama lenzi ina kidhibiti mtikisiko chenye hali mbili, chagua ile ya kufuatisha, kwa kawaida namba 2. Namba 1 itapigana na mwendo wako.

Picha nyingi zitaharibika, hilo halikwepeki. Kwa lenzi ya milimita 300 na 1/125, hata wazoefu hutupa nyingi kuliko wanazobakisha. Ndiyo maana usianze na 1/125. Mpito wa kwanza piga kwa 1/500 upate picha za akiba, halafu shuka: 1/320, 1/250, 1/160, 1/125. Ukiona pua imekaa kali na mkia una ukungu, ndege ilikuwa karibu mno. Pua na mkia huwa na umbali tofauti kutoka kwako na havipiti mbele ya macho kwa kasi ileile, na hakuna namna ya kuvifuatisha vyote viwili. Rudi nyuma.

Mazoezi hayahitaji ndege. Matatu inayokwenda kilomita 45 kwa saa, umbali wa mita 35 kutoka ulipo, hupita mbele yako kwa mwendo uleule wa Tiger Moth iliyo mita 100: nyuzi 20 kwa sekunde. Tafuta mahali salama mbali na ukingo wa barabara ya Malindi, ufuatishe matatu hadi maandishi ya ubavuni yasomeke kwa 1/125. Na panga boi la sebuleni, likizunguka kama mara 300 kwa dakika, litakuonyesha duara kamili la mapanga matatu kwa 1/15.

Ndege ikiwa chini, hesabu hubadilika. Propela ikizunguka mara 1,000 wakati ndege inajongea, 1/125 inatoa nyuzi 48 tu; shuka hadi 1/60. Injini inapowashwa ni polepole zaidi, na hapo ndipo pana picha nzuri kuliko zote: injini zenye silinda zilizopangwa kwa duara, kama ile ya silinda 9 ya Harvard, ndege ya mafunzo, hukusanya oili kwenye silinda za chini zikilala, na zikiwaka hutema moshi wa buluu. Jipange ubavuni, mbele kidogo ya bawa, nje ya mstari wa mzunguko wa propela. Usiiguse propela hata injini ikiwa imezimwa. Injini hizi hupata cheche kutoka kwa magneto, kifaa kinachozalisha umeme wake chenyewe propela inapozungushwa, bila betri. Waya wa kuizima ukikatika, swichi itaonyesha imezimwa ilhali injini iko tayari kuwaka kwa msukumo wa mkono.

Usisimame mbele ya ndege yenye gurudumu la mkiani pia. Pua yake imeinuka, rubani haoni kilicho mbele, ndiyo maana hujongea kwa kupindapinda kushoto na kulia. Tiger Moth ya asili haina hata breki. Kila inapopinda, kwa sekunde chache inakuonyesha pua na ubavu kwa pamoja. Subiri pembe hiyo ukiwa pembeni.

Saa za kupiga ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Adhuhuri jua letu liko utosini, ndege ya bawa la juu inajifunika kivuli chake yenyewe, na joto linalopanda kutoka kwenye lami hutetemesha picha hadi herufi za mkiani hazisomeki. Lenzi ndefu haikusaidii hapo, inakuza mtetemo pamoja na ndege. Ndege ikiwa angani dhidi ya mawingu meupe, ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1, la sivyo tumbo lake litatoka jeusi.

Kuna na unyevu. Kamera iliyokuja ndani ya gari lenye kiyoyozi kutoka mjini, ikavuka feri ya Likoni hadi Ukunda, ikitolewa nje mara moja lenzi inaingia ukungu, mara nyingine hadi ndani. Iache kwenye mkoba uliofungwa kwa nusu saa nje ya gari ipate joto la hewa ya nje. Fika mapema basi, muda huo utumie kumtafuta msimamizi wa uwanja uombe ruhusa na uonyeshwe mahali pa kusimama. Droni iache nyumbani. Pale panaporuka ndege haina nafasi.

Kabla hujaondoka, piga kila ndege herufi zake za usajili: 5Y ni ya Kenya, na kabla ya uhuru ilikuwa VP-K. Kisha mwombe mwenyewe akuruhusu upige kibamba kidogo cha kiwandani. Usajili hubadilika ndege ikihama nchi, lakini namba ya kibamba haibadiliki, na kwa hiyo utaweza kujua ndege uliyoipiga ilijengwa mwaka gani na imepitia mikono ya nani.