Kabla Hujaigusa Risasi, Soma Kitako cha Ganda

Kila ifikapo Mei na Juni, kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa Julai 1, maswali ofisini kwetu hapa Dar es Salaam huongezeka. Wengi hawaulizi habari za bunduki, wanauliza habari za risasi. Mmoja amefungua sanduku la marehemu baba yake Magomeni, akakuta risasi kumi na moja zimefungwa kwenye leso. Mwingine ana boksi aliloachiwa na rafiki, na hajui kama zinaingia kwenye bunduki yake yenye leseni. Wa tatu anataka kuhakikishiwa kwamba risasi za jeshi zinaangusha nyati haraka kuliko za dukani. Wote watatu ninawauliza swali moja: kitako cha ganda kimeandikwa nini? Mara nyingi hakuna aliyetazama.

Lugha yetu ina ukarimu na neno hili. Risasi ni madini yale mazito ya kijivu, risasi ni kichwa kinachotoka mtutuni, na risasi ni kifurushi kizima: ganda la shaba, fataki (kidonge kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa. Makala hii inazungumzia kifurushi kizima, kwa sababu ndicho sheria inachokitazama.

Geuza risasi ya kiraia utazame chini, yaani kitakoni, kuizunguka fataki. Utakuta jina la kiwanda na jina la kaliba, yaani kipimo cha risasi, kwa mfano .30-06 au .375 H&H. Risasi nyingi za jeshi haziko hivyo. Zina namba au alama ya kiwanda na mwaka wa kutengenezwa, basi. Ukiona tarakimu tupu zisizotaja kaliba, usibahatishe na usiipeleke kwa fundi aijaribu. Hiyo huenda kabisa isiwe mali inayoweza kukaa mikononi mwa raia, hata mwenye leseni.

Majina ya kaliba hayakutungwa na mtu mmoja, ndiyo maana yanapotosha. .375 H&H, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, inataja upana wa kichwa kwa inchi. .30-06 inataja kaliba na mwaka, 1906, ambao jeshi la Marekani liliipokea. 7×57 ya Mauser inataja milimita, upana kwanza, kisha urefu wa ganda. Sasa chukua .308 Winchester na .30-06. Vichwa vyake vina upana uleule, na kwa macho ya haraka ni ndugu. Lakini ganda la .308 lina urefu wa milimita 51 na la .30-06 milimita 63. Ukiitia ile fupi kwenye chemba (sehemu ya bunduki risasi inapokaa) ya ile ndefu, shingo ya ganda inabaki inaning'inia bila kushikwa. Baruti ikiwaka, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto kurudi nyuma, usoni kwako. Hoja ya "mbona imeingia vizuri" naisikia mara nyingi mno. Kuingia si kulingana.

Wenye shotigani nao wasikilize hapa, ingawa silaha yao si raifo. Geji ni kipimo cha mtutu wa shotigani, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwa makosa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anatazama, anaona chemba tupu, anaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unapasuka pale mkono wa kushoto unaposhika. Ndiyo sababu watengenezaji hulipaka ganda la geji 20 rangi ya njano. Usichanganye mfukoni, hata kwa dakika tano.

Tuje kwenye uwindaji. Kanuni zetu zinataka kaliba isiyopungua .375 kwa tembo na nyati. Wapo wanaonitajia W. D. M. Bell, Mskochi aliyewinda Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne iliyopita na kuua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa 7×57. Ni kweli. Bell alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi, akatumia vichwa vigumu visivyofumuka, na alisubiri hadi apate pembe ya kulenga aliyoitaka. Mtu anayefyatua risasi tano kwa mwaka asijipime naye, na hata angekuwa hodari kama yeye, kanuni ni kanuni.

Nguvu yenyewe inahesabika. Kichwa cha .375 H&H cha gramu 19.4 kikitoka kwa mwendo wa karibu meta 770 kwa sekunde kinabeba jouli zipatazo 5,700. Kile kidogo cha .22, chenye gramu 2.6 na mwendo wa kama meta 330 kwa sekunde, kinabeba jouli 140 hivi. Tofauti ni mara arobaini. Hata hivyo nguvu si kila kitu. Aina ya kichwa ndiyo inayoamua nguvu hiyo itafanya nini ndani ya mnyama. Kichwa laini, chenye ncha iliyo wazi, hufumuka kinapogonga nyama na kutoa jeraha pana linaloua upesi. Hicho ndicho cha swala pala, ngiri au kongoni. Kichwa kigumu hakifumuki, kinachimba moja kwa moja, nacho ni cha mfupa mzito wa tembo. Kwa nyati, wawindaji bingwa wengi hutanguliza laini na kufuatisha vigumu.

Hapo ndipo imani ya risasi za jeshi inapoanguka. Azimio la Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazofumuka mwilini, kwa hiyo kichwa cha jeshi kimevikwa shaba kisifumuke. Kwa swala maana yake ni tundu jembamba upande huu na tundu jembamba upande ule, na mnyama anakimbia kilometa kadhaa akafie kichakani kwa mateso, asipatikane. Anayekwambia hizo ni "kali zaidi" hajawahi kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Kwa nyati ni hatari zaidi, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa huwa anakusubiri.

Jambo moja linasahaulika jikoni. Kichwa laini kinapofumuka huacha vipande vidogo vya madini ya risasi ndani ya nyama, vingine visivyoonekana kwa jicho, na madini haya ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Kata nyama yote yenye damu iliyovia kuzunguka jeraha, uitupe. Usimpe mbwa.

Kulenga shabaha ni mchezo wenye risasi zake. Kwenye Olimpiki raifo ya meta 50 hutumia .22, na duara la katikati, lenye alama kumi, lina upana wa milimita 10.4, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kwa masafa marefu wengi huchagua .308 yenye vichwa vilivyotengenezwa kwa usahihi wa uzito na umbo. Vichwa hivyo vya mashindano havikukusudiwa mnyama, hata boksi likiwa la bei kubwa. Nao udogo wa .22 umewadanganya watu hadi wakaiita ya watoto. Inaruka zaidi ya kilometa moja na nusu. Raifo ya kuwindia inapita kilometa nne. Ukifyatua hewani Magomeni kwa furaha ya harusi au ya mwaka mpya, risasi haitambui mpaka wa kata. Hata ile iliyokwenda juu wima hurudi kwa mwendo unaoweza kutoboa fuvu, na iliyokwenda mshazari hurudi na nguvu zaidi. Kwa hili sina subira: hakuna sherehe inayohitaji risasi.

Sheria sasa, na naomba isomwe polepole. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, inakataza kumiliki silaha bila leseni katika kifungu cha 20, na kumiliki risasi bila leseni au kibali katika kifungu cha 21. Ni vifungu viwili, makosa mawili. Usemi wa mtaani kwamba "risasi bila bunduki si kosa" hauna msingi wowote. Zaidi ya hapo, makosa haya yameorodheshwa kwenye Jedwali la Kwanza la Sheria ya Uhujumi Uchumi, Sura ya 200, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 anayepatikana na hatia ya uhujumi uchumi hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Mashtaka yenyewe huhitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Sheria haisemi kuanzia risasi ngapi. Moja inatosha.

Leseni ya silaha haikupi ruhusa ya kuwinda. Ukimuua ngiri Kisarawe kwa bunduki halali bila leseni ya uwindaji chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama hiyo ni nyara ya Serikali, na kesi yake nayo huangukia uhujumi uchumi. Wala leseni ya .30-06 haikuruhusu kuwa na boksi la .375 "kwa ajili ya rafiki". Anayetaka kaliba nyingine aombe upya: aanzie serikali ya mtaa, maombi yapite kamati ya ulinzi na usalama ya kata, kisha wilaya, kisha mkoa, ndipo yafike kwa msajili wa silaha, pamoja na alama za vidole. Ni safari ndefu, nakubali. Haina njia ya mkato, na anayekuuzia njia hiyo anakuuzia kesi.

Wanaosafiri kwa ndege na risasi zao halali wakumbuke kikomo cha kimataifa, kilo 5 kwa msafiri pamoja na vifungashio, ndani ya mzigo unaokabidhiwa. Mume na mke hawajumlishi zao kwenye boksi moja. Shirika la ndege liarifiwe mapema, si kwenye foleni ya uwanjani.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina kazi yake. Chumvi na unyevu huleta kutu ya kijani kwenye shaba ya ganda. Hifadhi risasi pakavu, ndani ya boksi lake, kwenye kufuli, mbali na bunduki. Usizipake mafuta, maana yanaweza kupenya hadi kwenye fataki. Zenye kutu au fataki iliyobonyea zisitumike.

Nirudi kwa yule wa Magomeni na wenzake wengi wenye urithi wa namna hiyo. Leseni ya marehemu haikurithiwa pamoja na nyumba. Usizitupe Msasani baharini, usizizike, usizitumbukize chooni, usizichanganye na takataka za kuchoma, na usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Usipande nazo daladala wala bodaboda, kwa sababu ukikaguliwa njiani nia yako njema haionekani mfukoni. Ziache zilipo, funga chumba, watoto wakae mbali. Mwarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 112, waje wazichukue. Ukiweza, piga picha ya vitako bila kuzihamisha. Askari anapozipokea, omba kuandikiwa idadi na maandishi ya kila kitako, jina lake na tarehe. Kama zilikuwa kumi na moja, karatasi iseme kumi na moja.