Mota ya bakteria chini ya hadubini

Anayefanya kazi ya maabara hapa Bukavu hachelewi kukutana na kipindupindu. Tone la choo cha mgonjwa, kinachofanana na maji yaliyooshewa mchele, huwekwa juu ya kioo, na kwa hadubini vibrio, yaani bakteria wa ugonjwa huo, huonekana wakikatiza huku na huko kama vimondo. Kisha huongezwa tone la kingamwili, yaani protini za kinga zinazowatambua na kuwashika, na muda si muda mbio zote hukoma. Mara ya kwanza nilidhani nimeona kifo. Baada ya kuingia katika fizikia ya viumbe ndipo nilipoelewa kuwa nilikuwa nimeona mikia iliyozuiwa kuzunguka.

Kusimama kule kwa ghafla kuna maana yake. Mvuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu akipumzisha kasia, mtumbwi wake huendelea kuteleza hadi mwendo uliobaki umalizwe na maji. Bakteria hana akiba hiyo: mwaka 1977 mwanafizikia Edward Purcell alionyesha kwamba akiacha kujisukuma, husimama kabla hajavuka hata upana wa atomu moja. Kwa kiumbe mwenye urefu wa maikromita (sehemu ya milioni ya mita) 2 hivi, mnato wa maji unatawala kila kitu. Hata kasia lisingemfaa, kwa kuwa katika hali hiyo kiungo kigumu kinachopelekwa mbele na kurudishwa kwa njia ileile humrudisha mwenyewe pale pale alipoanzia, hata akikipeleka kwa nguvu na kukirudisha polepole. Kinachofaa ni umbo la skrubu linalozunguka bila kurudi nyuma, na ndivyo ulivyo mkia wa bakteria: uzi wa protini uliojipinda, wenye unene wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 20 hivi.

Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba uzi huo hujipunga kama mkia wa mbegu ya kiume, na siwalaumu, kwani nani angetarajia gurudumu ndani ya kiumbe hai? Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walitoa hoja kwamba unazunguka. Mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon walitumia kingamwili, jamaa za zile za tone letu, kuugandisha mkia kwenye kioo. Kama mkia ungekuwa wa kujipunga, mwili ungetikisika tu. Lakini mwili mzima ulianza kuzunguka, mara upande huu, mara upande ule, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Jaribio hilo ninalipenda kuliko yote, maana halikuhitaji mashine ya ajabu.

Mota yenyewe imejikita katika utando na ukuta wa seli, na kipenyo chake ni nanomita 45 hivi. Haitumii moja kwa moja ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Huendeshwa na ioni, chembe zenye chaji ya umeme, zinazoingia kutoka nje: protoni kwa Escherichia coli (E. coli), bakteria wa utumbo, na sodiamu kwa vibrio wa kipindupindu, mwenye mkia mmoja tu. Mota ya E. coli huzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na ya vibrio mmoja wa baharini imepimwa ikifikia mara 1,700.

Linaloshughulisha watafiti wengi sasa ni visukumaji, vile vijisehemu vya protini vinavyopitisha ioni na kuizungusha pete iliyo katikati ya mota. Havikufungwa hapo daima. Mzigo ukiwa mwepesi, vichache tu hubaki kazini. Ukizidi, vingine hutoka kwenye utando na kujiunga, hata kufikia 11 katika E. coli, kama vijana wanavyoongezeka nyuma ya lori lililokwama matopeni. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayeita. Vipimo vinaonyesha kwamba kisukumaji kinapovutwa kwa nguvu zaidi, mshiko wake kwenye ukuta wa seli hudumu muda mrefu zaidi, hivyo uzito wa mzigo wenyewe ndio unaokizuia kuondoka.