Vasa na protini zinazoiamsha: jinsi helikasi ya RNA inavyodhibitiwa katika seli za uzazi

Helikasi ya RNA ni kimeng'enya kinachotumia nishati ya ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) kuachanisha nyuzi za RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) zilizoshikana, au kubandua protini zilizoganda juu yake. Kazi hiyo ikifanyika ovyo ni hasara tupu: ATP inateketea bure, na ujumbe uliopaswa kusubiri unasomwa kabla ya wakati wake. Ndiyo maana helikasi nyingi, zikiachwa peke yake, huwa goigoi mpaka protini nyingine izishike. Hiyo inayoshika ndiyo protini dhibiti.

Katika seli za uzazi, yaani zile zinazokuja kuzaa mayai na manii, mfano uliochunguzwa sana ni Vasa ya nzi wa matunda. Binadamu tunayo ya kwetu, DDX4. Vasa ina vipande viwili vikuu vilivyounganishwa na kiungo laini, mithili ya taya. ATP na RNA zikiingia katikati, taya hufunga na kuupinda uzi wa RNA kiasi kwamba uzi mwenzake hauwezi tena kuung'ang'ania. Kisha ATP huvunjwa, taya hufunguka, RNA huachiwa. Wengi hudhani kuvunjwa kwa ATP ndiko kunakotenganisha nyuzi. La, kazi yake kubwa ni kuiachia RNA ili mzunguko uanze upya. Na Vasa haitembei kando ya RNA kama helikasi za koo nyingine: hufungua kipande kifupi palepale ilipotua.

Mdhibiti wake maarufu ni Oskar, protini inayokaa upande wa nyuma wa yai la nzi. Oskar ina sehemu iitwayo LOTUS, nayo hukamata taya moja tu ya Vasa, ile ya mwisho wa mnyororo wake. Mwaka 2017 watafiti wa EMBL, maabara ya Ulaya ya biolojia ya molekuli, mjini Heidelberg walichapisha umbo la fuwele la mshikamano huo, na ndani yake mna jambo la kupendeza. LOTUS ya aina hii ina mkia mfupi ambao ukiwa huru hauna umbo maalumu. Ukikutana na Vasa hujikunja kuwa helisi, mithili ya springi. Bila mkia huo, Vasa haishikwi. Ikishikwa, kasi yake ya kuvunja ATP hupanda.

Oskar pia huamua mahali. Jaribio lililochapishwa mwaka 1992 lilihamishia Oskar upande wa mbele wa yai, na seli za uzazi zikaota huko kwenye upande wa kichwa, mradi Vasa iwepo. Kwa maoni yangu, hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba helikasi huenda inakoitwa.

Oskar si mdhibiti pekee. Tejas, yenye LOTUS ya namna hiyohiyo, hukutana na Vasa kandokando ya kiini cha seli, mahali ambapo piRNA, yaani RNA fupi za ulinzi, hutengenezwa ili kuzima jeni zinazorukaruka kutoka sehemu moja ya DNA hadi nyingine. Oskar yenyewe ni ya wadudu tu, lakini jamaa wa Tejas wapo hata kwa mamalia: TDRD5 na TDRD7. Panya dume asiye na TDRD5 hazai. TDRD7 nayo ikiharibika kwa binadamu huleta mtoto wa jicho, kwa kuwa protini hiyo hufanya kazi pia katika lenzi.