Elimu kwa umma: Nyumba imeshuka bei Arusha, ninunue au nisubiri?

Swali hili tunalipokea karibu kila siku, na kwa bahati mbaya wengi hulileta wakiwa wameshatoa advansi. Mtu ameambiwa na dalali kwamba nyumba ya Njiro iliyokuwa inauzwa milioni 160 sasa inakwenda kwa 120, "mwenye nyumba ana shida, ukilala umekosa". Anatoa milioni 20 jioni, kisha asubuhi anakuja ofisini kuuliza kama nyumba ipo salama. Ndugu mwananchi, mpangilio huo umegeuzwa.

Kwanza niweke wazi kwamba si kazi ya ofisi ya ardhi kumwambia mtu anunue au asinunue, wala hatutabiri bei. Tunachoweza kusema ni kwamba nyumba inaweza kuwa rahisi kwa sababu soko limelegea, au kwa sababu karatasi zake zina kasoro. Dalali hakwambii ni ipi kati ya hizo mbili. Daftari la msajili wa hati linaweza kukwambia.

Soko la Arusha hutegemea sana wageni na taasisi. Mahakama ya kimbari ya Rwanda ilipofunga shughuli zake Desemba 2015, na utalii ulipozorota mwaka 2020, walioumia zaidi ni waliojenga kwa kutegemea wapangaji wa dola. Leo upande wa Olmoti watu wanapandisha bei kwa jina la uwanja wa AFCON ya 2027. Mashindano hayo ni ya wiki chache. Mkopo wa nyumba ni wa miaka 15 au 20. Anayenunua ili apangishe ana hesabu zake, na anayenunua ili alale humo na watoto ana nyingine kabisa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme nyumba ni milioni 120, na ya jirani inayofanana nayo inapangishwa laki nne kwa mwezi, yaani milioni 4.8 kwa mwaka. Ukikopa milioni 80 kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia milioni 12, sawa na pango la miaka miwili na nusu. Kama una fedha taslimu na utakaa hapo miaka kumi na zaidi, kushuka kwa bei mwakani hakukugusi sana. Kama unakopa na kazi yako inaweza kukuhamishia Dodoma wakati wowote, bei ikizidi kushuka unaweza kuuza nyumba na bado ukabaki na deni la benki. Hapo kupanga si aibu, ingawa mashemeji watasema.

Bei ya dola isikubabaishe. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa miamala ya ndani ya nchi. Taja shilingi, andika shilingi.

Sasa taratibu, na hapa naomba msomaji asiruke aya. Omba upekuzi rasmi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa. Kama mmiliki amefariki, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayeuza, na aandikishwe kwanza kwenye daftari. Kikao cha ukoo hakitoshi, na wenzetu wa Moshi wanaouziana vihamba, yaani mashamba ya ukoo, walisikie hili mara mbili. Kama muuzaji ana mwenzi, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi huyo, hata kama hati ina jina moja. Ni wajibu wako mnunuzi kuuliza. "Sikujua kama ana mke" haijawahi kuwa utetezi mzuri.

Baada ya mkataba kuna fomu za kuhamisha milki, namba 29, 30 na 35, taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na kodi. Muuzaji mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida. Makazi binafsi aliyoyamiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi husamehewa kama faida haizidi milioni 15. Wauzaji wengi sasa wanadai wameuza kwa hasara, hivyo hawadaiwi kitu. Anayedai hivyo athibitishe kwa risiti za ujenzi. Asiye na kumbukumbu za gharama hukokotolewa asilimia 3 ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 1, ndani ya siku 30 tangu kusaini. Ukichelewa kuna adhabu, na mkataba usiolipiwa ushuru haupokelewi mahakamani kama ushahidi.

Tunaletewa mikataba iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari: bei milioni 60, muhuri wa mtaa, sahihi tatu, na mnunuzi ananong'ona kwamba kweli alilipa 95. Wanaona wameikwepa kodi. Mthamini haangalii bei yenu, anaangalia nyumba. Na mauziano yakivunjika, utadai 60 uliyoandika. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa pia si hati. Tumelisema redioni na kwenye mikutano ya hadhara, na bado tunalisema.

Soko likilegea, minada ya benki huongezeka. Benki lazima impe mdaiwa notisi ya siku 60, na mnada wa ardhi utangazwe angalau siku 14 kabla. Sheria ya Ardhi inasema nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Mnunuzi mwenye nia njema ana kinga, lakini kinga hiyo haikuondolei familia iliyomo ndani wala kesi itakayofunguliwa Jumatatu.

Wanaokuja kufanya upekuzi waje na nakala ya hati, au namba ya kiwanja, kitalu na eneo. "Ile yenye geti jekundu ukishapita kanisa, kabla ya Kwa Mrombo" haitafutiki kwenye daftari.