Eksirei Safi, Mkono Haunyanyuki

Dereva wa bodaboda akianguka, ndugu huuliza mawili: kichwa kizima? Mfupa umevunjika? Majibu yakiwa mazuri, hurudishwa nyumbani. Mkono uliolegea huambiwa ni ganzi, itaisha. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wengi wa wagonjwa hawa hunifikia baada ya miezi minane au tisa, wameshakandwa kwa mafuta ya kila namna.

Anayerushwa na pikipiki mara nyingi hutua kwa bega, huku kichwa kikienda upande wa pili. Shingo na bega huvutwa kuachana, na hapo katikati inapita mizizi mitano ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mkononi. Ya juu huinua bega na kukunja kiwiko, ya chini huendesha vidole. Ikinyooshwa tu, huweza kupona yenyewe. Iking'oka kwenye uti wa mgongo, hakuna mafuta wala mazoezi ya kuirudisha, hata yangu. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi hayo. Kofia ngumu nayo hulinda kichwa, si mishipa hii (vaeni tu, msinielewe vibaya).

Kabla sijaugusa mkono, hutazama macho. Kope ya upande ulioumia ikilegea na mboni ikawa ndogo kuliko ya pili, nashuku mizizi ya chini imeng'oka.

Kinachonitia haraka ni hesabu. Mshipa wa fahamu ulioungwa kwa upasuaji huota takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi msuli unaokunja kiwiko ni karibu sentimita 30, yaani miezi kumi hivi. Lakini msuli uliokaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila amri hunyauka, ukageuka mafuta na kovu. Mshipa ukifika, haukuti kitu cha kuamsha. Kwa hiyo upasuaji hutakiwa ndani ya miezi 3 hadi 6. Mwaka 1994 daktari Mfaransa Oberlin na wenzake walieleza njia ya mkato: kuchukua nyuzi chache za mshipa wa fahamu usioumia unaoelekea kiganjani na kuziunga karibu kabisa na msuli huo. Kiwiko hukunjika tena. Vidole ni mbali mno. Kwa mtu mzima mara nyingi havirudi. Na kwa pikipiki nyingi klachi iko kushoto, akseleta kulia, kwa hiyo mkono wowote ukifa, kazi ya boda imekwisha.

Wiki tatu zikipita kiwiko hakikunjiki, ombeni rufaa. Wakati mnangoja, ndugu amnyooshe vidole, kiwiko na bega kila siku visikakamae, na mkono usiohisi ukae mbali na jiko. Maumivu ya mkono huo yanayochoma kama moto usiku si uchawi. Yanatoka kwenye mizizi iliyong'oka, na panado haiyafikii. Daktari anaweza kuandika amitriptilini au gabapentini.