Kitwitwi Mtikisa Mkia: Ndege wa Mito Anayekaa Nasi Mombasa

Mwezi wa Novemba simama penye ukingo wa maji popote Mombasa: ngazi za Bandari ya Kale, miamba ya Mama Ngina, mabwawa ya Haller Park kule Bamburi, au dimbwi tu lililoachwa na mvua za vuli. Tafuta ndege mmoja, peke yake, urefu wake sentimita 20 hivi, ambaye kiuno chake hakitulii. Anapiga hatua tatu, mkia unapanda na kushuka. Anasimama, na mkia bado unapanda na kushuka. Ukiona hivyo, umeshampata kabla hujatazama hata rangi yake.

Watu wa Pwani humwita kitwitwi, jina wanalobebeshwa ndege wengi wadogo wa ukingoni. Katika orodha za ndege za Kiswahili utakuta pia chamchanga. Jina lake la kisayansi ni Actitis hypoleucos, na hilo la pili ni la Kigiriki, maana yake mwenye weupe chini.

Weupe huo ndio wa kuangalia baada ya mkia. Mgongo ni wa kahawia kama tope lililokauka, kifua kina kahawia pande zote mbili, na tumbo ni jeupe kabisa. Weupe wa tumbo hupanda mbele ya bawa ukafanya ncha, kama kabari iliyopachikwa kati ya kifua na bega. Ndege wengine wadogo wa ukingoni hapa kwetu hawana kabari hiyo. Tazama pia mkia: ni mrefu, unazidi ncha za mbawa anapozikunja.

Akiruka, hapai juu. Hupita karibu kabisa na maji, mbawa zimepinda chini kama upinde, anazipiga haraka kidogokidogo, kisha anazikaza na kuteleza, halafu anapiga tena. Huku analia kwa sauti nyembamba, twii-wii-wii. Ukishaizoea sauti hiyo utamtambua hata ukiwa umempa mgongo.

Anayewachanganya watu zaidi ni binamu yake wa madimbwi ya maji baridi, Tringa glareola. Huyu ana miguu mirefu ya manjano, mgongo uliotapakaa madoa meupe na mstari mweupe juu ya jicho. Akiruka, weupe huonekana juu ya mkia. Yuko mwingine kwenye tope la mikoko, Xenus cinereus, ambaye naye hutikisika, lakini mdomo wake ni mrefu na umepinda kwenda juu. Ukiona mdomo mfupi, mikanda miwili myeusi kifuani na duara jekundu kuzunguka jicho, huyo ni wa ukoo mwingine kabisa, na ni mwenyeji wa Afrika mwaka mzima.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa. Wageni wetu wa makumbusho humwita huyu "ndege wa Ulaya", kwa sababu vitabu husema huzaliana kando ya mito na maziwa ya maji baridi kuanzia Uingereza hadi Urusi na Japani. Ni kweli huzaliana huko. Jike hutaga mayai 4 katika kishimo kilichofichwa na majani, wazazi wote wawili huyaatamia kwa wiki 3 hivi, na vifaranga hutembea na kujitafutia chakula mapema sana. Wakiwa wangali wa manyoya mororo, tayari wanatikisa mkia. Lakini hesabu miezi. Hufika huko Aprili au Mei, na kufikia Julai wakubwa wameanza kuondoka. Hapa Mombasa wa kwanza huonekana Julai na Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, na wengi hubaki hadi Aprili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anakaa miezi 8! Mimi naona ni mkazi wetu anayesafiri kwenda kuzaa.

Cha ajabu zaidi ni vijana. Wazazi hutangulia, nao hufuata baadaye bila mkubwa wa kuwaongoza. Utawajua kwa mistari myembamba ya rangi hafifu kwenye mbawa. Kijana wa miezi 2 au 3, mwenye uzito wa gramu 50 hivi, anaijua Afrika bila kuonyeshwa njia.

Akishafika, hujitwalia kipande chake cha ukingo na kukilinda. Wenzake wakikaribia huwafukuza. Ndiyo maana humkuti katika makundi makubwa mchana. Hula wadudu, buibui na vijikaa vidogo, akinyata kama paka kabla ya kudonoa. Mwewe akimkaribia sana, anaweza kujitosa majini na kupiga mbizi.

Kwa hiyo ukingo wenyewe ndio maisha yake. Bwawa likizungushiwa saruji wima pande zote, maji yanabaki lakini mahali pa kutembea na kudonoa hapapo tena. Taka zikijazwa kwenye vijito vinavyoingia hori la Tudor, tope lenye wadudu huzikwa. Mwenye bwawa la samaki au shimo la machimbo namsihi aache upande mmoja uwe mteremko wa udongo na mawe, hata mita chache. Na ukiokota ndege mwenye pete ya chuma mguuni, akiwa hai au amekufa, nakili maandishi yote yaliyoko kwenye pete, andika mahali na tarehe, kisha peleka taarifa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Aliye hai mwachie aende zake na pete yake.

Ukitaka kuanza, nenda maji yakiwa yamekupwa, asubuhi, jua likiwa nyuma yako. Kaa chini, usimfuate. Atarudi mwenyewe kwenye kipande chake. Kisha mwezi wa Aprili, baada ya sala ya Isha, panda darini usikilize. Husafiri usiku, na ile twii-wii-wii ikipita juu ya mapaa gizani, ndiyo anaondoka.