Mfinyanzi wa sanamu: maana yake

Fika Mtwara Mjini uulizie sanaa ya Wamakonde, utaoneshwa kinyago cha mpingo. Tumezoea hivyo kiasi kwamba kila sanamu tunaiita kinyago. Lakini kinyago huchongwa, na sanamu ya udongo hufinyangwa. Mchongaji hupunguza: ana gogo, anaondoa kisichotakiwa, na akikosea pua ndiyo imekwenda. Mfinyanzi huongeza. Ana tonge la udongo, anabandika, anabinya, anabomoa, anaanza upya, mradi halijakauka. Wahenga waliosema udongo uwahi ungali maji walikuwa wamemtazama akifanya kazi.

Mfinyanzi wa sanamu, basi, ni fundi anayeumba kwa udongo mtu, mnyama au kiumbe cha kufikirika, kisha akakichoma. Hapo kwenye kuchoma ndipo penye uzito. Udongo ulioanikwa juani tu hurudi kuwa tope ukimwagiwa maji. Ukichomwa kwa moto wa nyuzijoto 600 za Selsiasi au zaidi, hata maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake hutoka, na hauwi tope tena. Ndiyo sababu magae ya Kilwa Kisiwani, huko Lindi, yamelala ardhini karne nyingi na wanaakiolojia bado wanayaokota na kuyasoma.

Sanamu ina taabu kuliko chungu. Ukuta wa chungu huwa na unene unaokaribiana kote, ila sanamu ina kichwa kinene na vidole vyembamba. Unyevu ukibaki kwenye sehemu nene, moto huugeuza mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea kazi ya wiki nzima hupasuka. Kwa hiyo fundi huacha tumbo na kichwa vikiwa na uwazi ndani, hutoboa kitundu cha hewa, huchanganya udongo na mchanga au gae lililosagwa, kisha huanika kivulini bila haraka. Masika huanika muda mrefu zaidi.

Kwa Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma, mila iligawa kazi: wanaume wachonge, wanawake wafinyange vyungu. Kwa hiyo nikitaka kumweleza mtu ufinyanzi wa sanamu ni nini, humtaja Reinata Sadimba. Alizaliwa 1945 katika kijiji cha Nemu, kwenye uwanda wa Mueda, Msumbiji, akajifunza vyungu kama wasichana wenzake. Alishiriki vita vya ukombozi upande wa FRELIMO. Baada ya uhuru wa 1975 akaanza kuumba sanamu, jambo ambalo kwa mwanamke wa Kimakonde lilikuwa kuvuka mpaka. Miaka ya 1980 alihamia kwetu Tanzania, akarudi kwao 1992 na kuweka karakana yake Maputo, katika Makumbusho ya Historia ya Asili. Kazi zake zimeoneshwa Afrika na Ulaya.

Binafsi naona hakuacha ufinyanzi wa mama zake hata siku moja. Zitazame sanamu zake: nyingi bado ni chungu chenye tumbo na mdomo, ila sasa kina uso wenye chale, na watoto wameking'ang'ania.